Jumapili Kifua Changu Kiliposomwa Kanisani

Niseme mapema, kabla mtu mwingine hajanisemea: aibu ya Jumapili ile niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, na nikaila mbele ya kanisa zima, wageni kutoka Migosi wakiwemo (kwaya yao ilikuwa imealikwa siku hiyohiyo, utafikiri nilikuwa nimeagiza mashahidi). Mungu amenipa miaka mingi tangu hapo, namshukuru, na wengi waliokuwepo sasa wamelala, lakini bado kuna mama mmoja ambaye tukikutana sokoni hunibania midomo na kupuliza kama mtu anayepoza uji, halafu anacheka mpaka anashika kiuno. Namwacha acheke. Ana haki.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimestaafu kutoka kiwanda cha pamba, ambako nilikuwa karani wa stoo, na vumbi la pamba lilikuwa limeshika kila kitu kule, kope za macho, daftari, hata chai. Kabla ya hapo, kabla Bwana hajanipata, nilivuta sigara kwa miaka mingi, na hilo kanisa letu la Nyalenda lililijua vizuri kwa sababu nilikuwa nikilitoa katika ushuhuda wangu kila mwaka, hasa ile sehemu ya kutupa pakiti ziwani (samaki wanisamehe). Kwa hiyo sikushangaa sana kifua kilipoanza kubana. Nilichoshangaa ni faida yake.

Faida, ndiyo. Mimi nilikuwa mmoja wa wazee wa kanisa, na Jumapili moja nilikuwa nikiongoza maombi ya kuomba mvua, nikafika katikati ya sentensi, pumzi ikaisha. Si kwamba ilipungua, iliisha kabisa, kama maji ya mfereji. Nikasimama pale nimefumba macho, nimeshika mimbari, nikingoja kifua kifunguke, na kanisa nalo likangoja, kimya kabisa, hata watoto. Nilipopata hewa na kuendelea, nikasikia watu wanalia. Baada ya ibada mama mmoja akanishika mkono mlangoni akasema, "Mzee Zablon, pale uliponyamaza, Roho alipita. Nilimsikia kwa masikio haya."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, mama, hapana, ni kifua. Nilisema, "Bwana asifiwe."

Basi nikawa mtu wa maombi. Nilialikwa matanga, nilialikwa arusi, nilialikwa mpaka Bondo, na kila mahali pumzi yangu iliisha katikati na watu wakaguswa. Wazee wenzangu wakaanza kuniiga. Mzee Naftali, rafiki yangu tangu ujana wetu, mtu mwenye kikohozi cha makelele na moyo mweupe, alijaribu kunyamaza katikati ya maombi yake ya kubariki sadaka, lakini akanyamaza mno, shemasi akadhani amemaliza akaondoka na sahani. Na nyimbo nilikuwa siimbi tena, nilikuwa nafungua tu mdomo na kuufunga. Nyumbani nilikuwa siwezi kulala chali, nalala nimekaa, nimeegemea mito miwili, na mke wangu, Mama Atieno, akawaambia akina mama wenzake kwamba mume wake anakesha akiomba. Hilo nalo sikulikana.

Sasa mtaniuliza, hospitali je? Nilienda. Nilienda peke yangu, kimyakimya, katika ile hospitali kubwa, wakapima makohozi, wakasema si kifua kikuu, nikamshukuru Mungu. Daktari akaandika maneno mawili ya Kiingereza kwenye kadi yangu, akanipa vidonge, akasema nirudi, na nje kulikuwa na foleni inayofika langoni. Sikuuliza. Neno la kwanza nikalitafuta katika kamusi ya mjukuu, nikaona maana yake ni kitu kisichoisha. Nikafunga kamusi.

Kurudi sikurudi, na sababu ni hii. Miaka ile mtu akikohoa na kukonda kidogo, watu hawakusubiri vipimo. Walikuwa na majina mawili matatu tayari, na hakuna hata moja ambalo ungependa lisemwe karibu na jina lako. Na mimi nilikuwa na jina la kulinda, Mzee Zablon, mtu wa maombi. Ikijulikana kwamba kule kunyamaza kwangu ni mapafu tu, nitabaki nini? Niliogopa ugonjwa, ndiyo, lakini niliogopa zaidi kujulikana. Siku hizi naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wakati huo mjini, ghorofani juu ya duka la vitambaa, Mama Njeri alikuwa amefungua ofisi ya kompyuta. Alikuwa mama kutoka Nyeri, mchapakazi, aliyekuja Kisumu kuuza viatu akaishia kuuza imeili, maana ndivyo tulivyoita barua pepe wakati ule. Hakuna mtu aliyekuwa na anwani yake mwenyewe. Anwani ilikuwa moja, ya ofisi, na wote tuliitumia, na jibu likija Mama Njeri alilichapisha, akalikunja, akaandika jina la mwenyewe juu kwa kalamu nyekundu, akalipachika kwenye ubao wa misumari karibu na mlango. Hata kanisa letu lilituma barua zake pale. Nikasikia watu wakisema kwamba kwa mashine hizo unaweza kuuliza jambo lolote duniani na ukajibiwa bila mtu kukuona uso. Bila mtu kukuona uso! Nikavaa koti.

Nilimwambia Mama Njeri kwa sauti ya chini kwamba nataka kujua habari za kifua.

"Kifua cha nani?" akauliza kwa sauti ambayo ingefika stendi.

"Cha mtu fulani."

"Huyo mtu fulani ana miaka mingapi?"

"Kama mimi."

Akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu. "Sawa. Kaa hapa, mtu fulani."

Nikakaa. Akasema niseme ninachotafuta, ataandika. Nikakohoa kidogo nikaanza: "Kwa wote wahusika, nawasalimu katika jina la Bwana wetu, natumaini hamjambo kama sisi tusivyo..."

"Ai, Mzee, hapana. Hii haisalimiwi. Taja ugonjwa tu."

"Nimwombe mtu kitu bila kumsalimu?"

"Si mtu."

"Na anayejibu ni nani?"

Akafikiri. "Hata mimi sijui," akasema, "lakini salamu hataki."

Nikatoa kadi, akaandika yale maneno mawili ya daktari. Mashine ikalia ile milio yake kama mbuzi anayebishana na bati, tukangoja, halafu ukurasa ukaanza kushuka mstari kwa mstari, polepole, kutoka juu. Kulikuwa na majibu maelfu. Mimi nilikuwa nimekuja kutafuta jibu moja. Akafungua la kwanza, lilikuwa la wachimba makaa ya mawe. Nikasoma dalili, zote ninazo. La pili, wakulima wanaokoroga nyasi zilizooza, dalili zote ninazo. La tatu lilihusu watu wanaofuga njiwa ndani ya nyumba. Nyumbani nilikuwa na kuku wanne, na nikaanza kuwafikiria vibaya.

"Mzee, punguza kusoma," Mama Njeri akasema. "Ukisoma yote utatoka hapa na magonjwa ya Ulaya nzima."

Lakini mtu akiwa na hofu hapunguzi. Nikamwomba afungue moja tu tena, na hilo ndilo lilikuwa langu kweli, ule ugonjwa wenyewe, na picha ya mapafu meusi kama sufuria ya kuchemshia maharagwe. Nikasoma nimeinama, pua karibu na kioo. Vumbi, ndiyo. Sigara, ndiyo. Kulala umekaa, ndiyo. Chini kabisa ukurasa ukaanza kuleta sentensi nyingine, na nawaapia niliisoma neno kwa neno ikishuka: wagonjwa waliofika hatua hii kwa kawaida huishi...

Ukasimama.

Nikangoja. Huishi nini? Huishi mpaka lini? Nikagusa kioo kwa kidole kama mtu anayemwamsha ng'ombe.

"Laini imekufa," Mama Njeri akasema.

"Tafadhali usitumie neno hilo."

Mvua ilikuwa imeanza huko milimani, na mvua ikinyesha huko simu za Kisumu zilikuwa zinakatika. Tukakaa karibu saa nzima. Laini iliporudi ule ukurasa hatukuupata tena, tulifungua hiki na kile, tukapata mpaka duka la nguo za kuzuia vumbi, lakini ile sentensi yangu ilikuwa imekwenda zake na mwisho wake. Jasho lilikuwa limelowanisha shati chini ya koti. Nadhani alinihurumia, kwa maana alitafuta mwenyewe mpaka akapata ukurasa wa hospitali fulani ya ng'ambo, wenye kisanduku cheupe ambacho mtu anaweza kuandika swali na daktari akamjibu. Akanionyesha vibonyezo, akaenda kumpigia mteja mwingine fotokopi.

Nikabaki na kile kisanduku. Niliandika kwa kidole kimoja, Kiingereza changu cha shule ya misheni, na salamu niliweka zote (Mama Njeri hakuwepo kunizuia). Sijui ni kwa nini ni rahisi kumwambia ukweli mtu aliye mbali. Niliandika vumbi la pamba, nikaandika sigara za ujana, nikaandika mito miwili, nikaandika nyimbo nisizoziimba, halafu nikaandika na lile jambo la maombi, lote, jinsi pumzi inavyoisha, jinsi watu wanavyodhani ni Roho, na jinsi ninavyowaacha wadhani. Niliungama kuliko nilivyowahi kuungama kwa pasta yeyote. Ila sikuandika "mimi". Niliandika "mzee mmoja wa kanisa letu".

Na chini kulikuwa na mahali pa jina, ili jibu likija lijulikane ni la nani. Nikaufikiria ule ubao wa misumari, jina langu kwa kalamu nyekundu, na kila mtu wa Kisumu akipita pale. Nikaandika jina la kanisa.

Ni hapo tu, ndugu zangu. Ningeandika Zablon, nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Nikarudi mara mbili kuangalia, hakuna jibu. Wiki ya tatu tukapata msiba Bondo, nikaenda tangu Alhamisi, nikarudi Jumapili asubuhi moja kwa moja kanisani, bado nina vumbi la safari. Sikujua kwamba Ijumaa Mwalimu Shadrack, katibu wetu wa kanisa, alikuwa amepita kwa Mama Njeri kuulizia jibu la barua tuliyoandikia kanisa rafiki la ng'ambo kuomba mabati. (Baadaye nilipomlalamikia Mama Njeri alinijibu, "Mzee, jina ni la kanisa, na mtu wa kanisa amekuja. Nimkatalie nikisema nini?")

Tena tulikuwa na sheria. Zamani kiongozi mmoja alipokea barua ya ng'ambo akakaa nayo kimya, na viatu vilivyotumwa kwa mayatima vikaonekana miguuni mwa ukoo wake, kwa hiyo baraza likapitisha kwamba barua yoyote ya ng'ambo ifunguliwe mbele ya kanisa na isomwe hadharani, neno kwa neno, bila mtu kuisoma kabla. Aliyesimama barazani kupendekeza sheria hiyo, kwa maneno makali, ni mimi.

Baada ya matangazo, Mwalimu Shadrack akainua karatasi iliyokunjwa. "Bwana asifiwe! Ng'ambo wamejibu!"

Vigelegele. Kwaya ya Migosi, ambayo haikujua tunashangilia nini, ikashangilia pia. Nami nikapiga makofi! Nilipiga makofi kwa nguvu, Mungu ananiona, nikiangalia paa letu bovu kwa matumaini.

Akafungua, akasimama vizuri, akaanza kusoma na kutafsiri, sentensi moja Kiingereza, moja Kiswahili. "Wapendwa wa kanisa. Asanteni kwa barua yenu. Tumesikitika kusikia habari za mzee wenu..." akasita, "...mwenye ugonjwa sugu wa mapafu."

Makofi yakanibakia mikononi.

"Mabati wameyaweka wapi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Ngoja, labda yako chini," Mwalimu akasema, akaendelea. "Kukohoa kwa muda mrefu na kukosa pumzi ni dalili zinazohitaji..."

Na hapo, sijui Mungu aliruhusu kwa nini, Mzee Naftali akakohoa.

Kanisa zima likageuka. Naftali akatoa leso, akakohoa tena, akaona macho. "Mnaniangaliani? Ni vumbi! Nimefagia asubuhi!" Lakini mama aliyekaa karibu naye akasogea kidogo, na aliyefuata akasogea, na dakika moja baadaye Naftali alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la watu wanane. Na ilikuwa Jumapili ya meza ya Bwana, kikombe kimoja kwa wote, kimefunikwa kitambaa cheupe pale mbele, na nikaona watu wanaangalia kikombe, wanamwangalia Naftali, wanaangalia kikombe.

Pasta wetu alikuwa mtu mpole. Alimwashiria Mwalimu angoje, akamwita Naftali mbele kwa upendo, ambao nadhani ulimuumiza kuliko matusi. "Baba yetu Naftali, usione haya. Ugonjwa si dhambi. Njoo tukuombee."

"Pasta, mimi siumwi."

"Njoo, Baba."

"Siumwi, yawa, jamani! Muulizeni mke wangu!"

Lakini alikwenda. Alipiga magoti yake ya kizee pale mbele, uso umemshuka, na mimi nilikuwa nimekaa mita tatu kutoka kwake, nikisema moyoni, simama Zablon, simama sasa, lakini nikabaki nimekaa. Nilijiambia wataomba kidogo yataisha. Ndipo Pasta akageuka akaangalia safu ya wazee, na nikajua kabla hajasema.

"Mzee Zablon, wewe ndiye mtu wa maombi. Tuongoze. Muombee ndugu yako mapafu."

Nikasimama. Nikaweka mkono kwenye kichwa cha rafiki yangu, kilikuwa cha moto kwa aibu. Nikaanza, "Baba wa mbinguni, mwangalie mtumishi wako Naftali, mapafu yake unayajua wewe..." na kifua kikafunga.

Kikafunga vibaya kuliko siku zote, kwa hofu. Nikasimama pale sina hewa hata ya kusema Amina. Nikasikia kanisa linashusha pumzi kwa unyenyekevu, mama mmoja akasema polepole, "Roho anapita." Nikafungua jicho moja. Mwalimu Shadrack hakuwa amefumba macho. Alikuwa na ukurasa wa pili mkononi, na ukurasa wa pili, sikujua mambo hayo, ulikuwa na barua yangu mimi yote, kwa maana imeili ikijibiwa hubeba na yale uliyoandika. Niliona midomo yake inatembea kwenye mistari, taratibu, halafu ikasimama. Halafu kichwa kikainuka, akaniangalia pale nilipo, nimenyamaza katikati ya maombi.

Tukaangaliana. Kisha Mwalimu, mtu mwema, akaukunja ule ukurasa mara mbili, akautia katika mfuko wa koti, akafumba macho.

Alikuwa ameniokoa. Mnaelewa? Ningemaliza maombi, wangesema Amina, barua ingekuwa imekwisha, mabati yangengojwa, na jina langu lingebaki zima. Na Naftali angekwenda nyumbani na kifua changu.

Niliutoa mkono kichwani mwake. Hewa ilipokuja kidogo nikasema, "Ni mimi."

"Amina," mtu akasema, kwa mazoea.

"Hapana. Si Amina. Mwenye mapafu ni mimi. Naftali haumwi kitu. Barua niliandika mimi, nikatumia jina la kanisa kwa sababu niliogopa." Nikavuta pumzi. "Na ninaponyamaza katika maombi, ndugu zangu, si Roho. Ni pumzi imeisha. Imekuwa hivyo miaka miwili, na niliwaacha mdhani."

Kimya kilichofuata hakikumgusa mtu yeyote, nawahakikishia. Nilikuwa nimeangalia sakafu. Aliyekivunja ni Naftali, bado amepiga magoti, akageuza shingo kuniangalia juu.

"Zablon, omera, ndugu yangu," akasema, na sauti yake ilisikika mpaka nje, "mimi nimejikaza miaka miwili kunyamaza kama wewe. Shemasi ameniondokea na sahani ya sadaka mbele ya watu. Kumbe nilikuwa namuiga mgonjwa?"

Kwaya ya Migosi ndiyo iliyoanza kucheka, kwa sababu haikuwa na heshima ya kutulindia. Halafu akina mama, halafu mpaka Pasta, ambaye alijificha nyuma ya Biblia lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Mimi nilisimama pale kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Mtu mmoja hakucheka. Mama Atieno alikuwa amesimama kwenye safu ya wanawake, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Na usiku?" akaniuliza, mbele ya wote. "Ile mito?"

"Siwezi kulala chali."

"Kwa hiyo huombi?"

"Kidogo," nikasema. "Mara nyingi nahesabu pumzi."

Kicheko kilikuwa kimezimika. Akauweka mkoba benchini. "Mimi nakaa kando yako kila siku," akasema, "na anayejua hulali ni daktari wa ng'ambo." Halafu hakungoja nijibu, alimgeukia Mwalimu Shadrack. "Isome yote. Nataka kujua kama ataishi."

Pasta akasema labda tuisome ofisini. Mama Atieno akasema barua ya ng'ambo husomwa hadharani, sheria ni ya mume wake. Basi ikasomwa. Daktari yule, Mungu ambariki popote alipo, alikuwa ameandika kwa upole: kwamba hawezi kumtibu mtu ambaye hajamwona, kwamba, kama ndio huo, ugonjwa huu hauambukizi (hapo mama wa kwanza aliyesogea akarudi kwenye benchi, akiangalia pembeni), kwamba haurudi nyuma, lakini wengi huishi nao miaka mingi wakikaa mbali na moshi na vumbi na wakimwona daktari wa kwao mara kwa mara, na kwamba huyo mzee arudi hospitali haraka, akapulize mashine ya kupima mapafu. Miaka ni mingapi hakusema, alisema hakuna ajuaye hivyo kutoka mbali.

"Tena ameandika namna ya kupumua hewa ikikosekana," Mwalimu akasema. "Vuta kwa pua polepole. Bana midomo. Toa polepole, kama... hapa wanasema kama anayezima mshumaa bila kuuzima."

"Kama anayepoza uji," mama mmoja akasahihisha.

"Kama anayepoza uji. Mzee, jaribu."

Nikajaribu. Sikuweza vizuri, kwa haya. Ndipo yule mama akasema nioneshwe, akabana midomo akapuliza, na aliyekuwa karibu naye akapuliza, na kabla Pasta hajapata la kusema kanisa lote la Nyalenda pamoja na kwaya ya Migosi lilikuwa linapoza uji, fuu, fuu, fuu, na Naftali akipuliza kuliko wote pale chini, na mimi katikati yao nikitafuta hewa. Ikaja.

Msidhani iliishia kwa vicheko. Jumatano baraza lilikaa, na lilikuwa na haki. Niliambiwa nisiongoze maombi kwa miezi mitatu, nikae benchi la nyuma, na nimwombe Naftali msamaha nyumbani kwake mbele ya mke wake. Nilikubali yote. Naftali alinisamehe kwa sharti kwamba niape mbele ya watu wake kuwa hana ugonjwa wa mapafu, nikaapa, akakohoa, mke wake akatuangalia wote wawili. Na mambo hayakurudi kama zamani. Mwaliko wa Bondo haukuja tena.

Lakini benchi la nyuma lilinifundisha jambo nisilolitarajia. Jumapili ya kwanza nimekaa pale, mama anayekausha samaki kwa moshi kule ufukweni akaja akakaa karibu, akasema bila kuniangalia, "Mzee, hata mimi mlima unanishinda." Ya pili akaja mtu niliyefanya naye kazi kiwandani. Ya tatu walikuwa watano. Wote walikuwa na kifua, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Nikafikiria yale majibu maelfu ya Mama Njeri, wachimba makaa na wafuga njiwa, na jinsi nilivyopanda ghorofa kuuliza watu wa mbali kitu ambacho jirani zangu walikuwa nacho.

Hospitali nilirudi, na Mama Atieno akiwa mbele. Daktari aliniuliza nakohoa tangu lini, akajibu yeye. Akaniuliza nalala vipi, akajibu yeye, kwa sauti, na foleni nzima ikasikia mpaka habari za mito. Nilipuliza ile mashine mara tatu. Daktari akauliza kwa nini sikurudi mapema, na hapo Mama Atieno akanyamaza, akanigeukia, akangoja.

"Niliona haya," nikasema.

Basi nimeweka nadhiri, na Mungu amenisaidia kuishika mpaka leo. Nikitembea na watu na njia ikapanda, nasimama, naketi hata kama ni juu ya jiwe, na mtu akiniuliza kuna nini namwambia palepale, nimeishiwa na pumzi, tafadhali nisubiri. Na wananisubiri.